Jina Juu ya Raba

Neno "jina" lina kazi nyingi katika Kiswahili. Jina ni lile aliloitwa mtoto siku za kuzaliwa kwake. Jina pia ni ile sifa aipatayo mtu kwa matendo yake, kama tusemavyo ya kuwa fulani ana jina. Mabibi wa mwambao huita jina, vile vile, yale maneno yaliyopigwa chapa katika kanga, na wengi wao waingiapo dukani huuliza jina kwanza, rangi baadaye. Katika insha hii nataka kuuliza swali ambalo halikunijia kwa njia ya kitabu bali kwa njia ya raba. Mtu atoapo jina lake likaandikwa juu ya kitu asichokitengeneza yeye, kikauzwa kwa watu asiowajua, je, ametoa nini, na anawiwa nini?

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na ni mchezaji wa mpira wa kikapu asiye hodari sana; mwenyewe ajua, wala hakasiriki akiambiwa. Mwaka jana alidunduliza fedha kwa miezi minane, akanunua mjini raba za Air Jordan za namna ile ya kwanza kabisa, nyeusi na nyekundu. Alizivaa wiki tatu kwa furaha iliyotufurahisha nyumba nzima. Kisha rafiki yake mmoja akaziinamia, akazigeuza, akatazama mshono wa ndani na herufi za kwenye ulimi wa kiatu, akasema ni za bandia. Tangu siku hiyo hakuzivaa tena. Nilimwambia ya kuwa soli ni ile ile ya jana, na mguu ni ule ule, na uwanja haujabadilika. Basi kilichoondoka ni nini? Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mjomba, na mtu akifundisha vizuri kuliko wewe, ila shahada yake ni ya kughushi, utasema kilichoondoka ni nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo, na nakiri ya kuwa nilikasirika kidogo, kama watu wenye shahada wakasirikavyo wanapoguswa hapo. Swali halikuwa la mzaha. Mwezi wa Aprili 2017 serikali yetu ilitangaza ya kuwa watumishi wa umma 9,932 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Nasadiki ya kuwa miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakizitenda kazi zao vizuri, na hapakuwa na aliyesema ya kuwa kazi nzuri imefuta uongo wa cheti. Kwa hiyo mimi na wenzangu tunakubali, tena kwa nguvu ya sheria, ya kuwa jina la uongo juu ya kitu kizuri lakiharibu kitu hicho. Mpwa wangu alinishika kwa kamba niliyoifunga mwenyewe.

Hata hivyo ulinganifu wake una ufa, na katika ufa huo ndimo nilimoingia kutafuta. Shahada, ikiwa ya kweli, yashuhudia kazi iliyofanywa na huyo huyo anayeibeba. Jina la Michael Jordan miguuni mwa mpwa wangu halishuhudii kazi ya mpwa wangu, maana yeye haruki juu kuliko alivyoruka zamani. Wala halishuhudii kazi ya Jordan, maana Jordan hakushona kiatu hata kimoja. Lashuhudia nini basi? Ili kulijua hilo yatupasa kurudi nyuma, kwa kuwa hapo mwanzo jina juu ya raba lilikuwa shahidi wa jambo lililo wazi.

Kampuni ya Converse ilianzishwa mwaka 1908 huko Massachusetts, Marekani, na mwaka 1917 ilitoa kiatu cha turubai chenye soli ya mpira kilichoitwa All Star. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilimwajiri kijana wa Indiana aliyeitwa Chuck Taylor, mchezaji wa wastani lakini muuzaji wa ajabu. Alizunguka nchi nzima kwa gari lake, mji hadi mji, shule hadi shule, akiwafundisha vijana namna ya kutoa pasi na kulenga kikapu, kisha akiwauzia walimu wao viatu. Katika miaka ya 1930 saini yake ikatiwa katika kile kibandiko cha duara kikaacho kwenye kifundo cha mguu, na humo imo mpaka leo. Yasemekana ya kuwa hakulipwa mrabaha wa jina lake. Aliishi kwa mshahara na posho za safari. Alifariki mwaka 1969, na vijana wengi wavaao kiatu hicho leo hawajui ya kuwa Chuck Taylor alikuwa mtu.

Naliona jina la Taylor kuwa jina safi, na sababu yangu ni hii. Yeye alikijua kiatu. Alikivaa, alikiuza kwa mkono wake, na yule mwalimu wa Indiana au Ohio ambaye soli ilimbandukia alimjua mtu wa kumlaumu, kwa sababu mtu huyo angepita tena mwaka ujao. Ni kama kanga za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, zilizojulikana kwa maneno "Mali ya Abdulla" yaliyochapwa pembeni. Rangi ikichuja, mlango wa kubisha hodi wajulikana. Jina la namna hii ni dhamana. Mwenye jina amejiweka rehani kwa ajili ya kitu.

Mwaka 1973 kampuni ya Puma ilitoa kiatu cha ngozi laini kwa ajili ya Walt Frazier wa New York, aliyepewa lakabu ya Clyde kwa sababu ya mavazi yake, na kiatu nacho kikaitwa Clyde. Hapa jambo limekwisha kugeuka kidogo. Frazier hakusifiwa kwa kuvijua viatu. Alisifiwa kwa umaridadi, na aliyekinunua kiatu chake alitaka kugawiwa umaridadi huo. Sitakaa hapa, kwa kuwa mgeuko mkubwa ulikuja miaka kumi na miwili baadaye.

Mwaka 1984 Michael Jordan alikuwa kijana wa miaka 21 aliyetoka chuo kikuu cha North Carolina, naye hakutaka Nike, alipenda Adidas. Amesimulia mwenyewe ya kuwa mama yake, Deloris, ndiye aliyemlazimisha apande ndege aende Oregon akasikilize maneno ya Nike. Alikwenda kwa kumtii mama, akarudi na mkataba wa karibu nusu milioni ya dola kwa mwaka kwa miaka mitano, pamoja na fungu katika mauzo. Fungu hilo ndilo kiini cha habari hii, maana Taylor hakuwa nalo. Air Jordan ya kwanza iliingia madukani Aprili 1985 kwa bei ya dola 65. Wakala wake, David Falk, ameeleza ya kuwa kampuni ilitumaini kuuza viatu vya dola milioni 3 kufikia mwaka wa nne, ikauza vya dola milioni 126 katika mwaka wa kwanza. Katika mwaka wa fedha ulioishia Mei 2023 tawi la Jordan peke yake liliingiza zaidi ya dola bilioni 6, na mwenye jina alikuwa amekwisha acha kucheza miaka ishirini.

Kiatu hicho hakikuuzwa kwa ubora wake tu. Kiliuzwa pamoja na kisa. Februari 1985 uongozi wa ligi ya NBA uliiandikia Nike barua ya kukataza viatu vyeusi na vyekundu alivyovivaa Jordan, kwa kuwa vilivunja kanuni ya sare. Kampuni haikuvificha. Ilitengeneza tangazo la kuwaambia vijana ya kuwa ligi imevikataza lakini wao hawawezi kukatazwa. Wachunguzi wa habari hizi wamesema baadaye ya kuwa kiatu alichokivaa Jordan uwanjani wakati wa ugomvi ule yumkini kilikuwa kingine, chenye jina la Air Ship, kilichofanana nacho kwa rangi. Ikiwa ndivyo, basi kiatu kinachopendwa leo duniani kwa kukatazwa kwake hakikukatazwa. Nilipomweleza mpwa wangu habari hii alicheka sana, kisha akasema ya kuwa hata hivyo angelipenda kuwa nacho kile cha kweli. Nami nikamwuliza, kweli ipi? Hata cha kiwandani kilizaliwa na kisa chenye mashaka.

Tazama basi jina lilivyohama. Kwa Taylor lilishuhudia kitu. Kwa Frazier lilishuhudia tabia ya mtu. Kwa Jordan jina limekuwa hadithi ambayo mnunuzi anaingizwa ndani yake kwa kulipa nauli. Sisemi ya kuwa hadithi ni dhambi. Mimi mwenyewe nakula mkate wangu kwa kufundisha hadithi. Lakini hadithi hupimwa kwa mambo inayowatendesha wasikilizaji wake, na hapo ndipo swali la kuwiwa linapoanza kuuma.

Mwaka 1989, katika jimbo la Maryland, mvulana wa miaka 15 aliuawa na kijana aliyemfahamu, na aliyemuua alichukua Air Jordan zake, viatu vilivyonunuliwa kwa zaidi ya dola 100. Hakuwa peke yake katika miaka ile. Gazeti la Sports Illustrated la Mei 1990 liliweka jambo hilo katika ukurasa wa kwanza. Jordan mwenyewe aliripotiwa kuhuzunika sana alipopewa habari. Tumwambie nini? Kuna wanaosema ya kuwa damu ile i juu ya jina lake, nami siwakubali. Mwuaji ni mwuaji. Aliyeshona koti zuri hahukumiwi kwa sababu ya mwizi wa koti. Lakini kuna wanaosema ya kuwa jambo lile halimhusu kabisa, na hao nao siwakubali. Mtu aliyepokea fungu katika kila jozi kwa sababu jina lake lawatia watu hamu, hawezi kuidai faida ya hamu hiyo kwa ukamilifu na kuikana hasara yake kwa ukamilifu. Anawiwa kitu, japokuwa si damu.

Nimejaribu kukipima kitu hicho, na nimeona ya kuwa kimo katika uhaba. Desemba 2011 kampuni ilitoa upya Air Jordan ya 11, ile nyeupe na nyeusi iliyovaliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Usiku wa kuamkia siku ya mauzo watu walisongamana milangoni mwa maduka katika miji mingi ya Marekani, wakasukumana, wakapigana, na karibu na Seattle polisi walitumia dawa ya kuwasha macho ili kuwatawanya. Mtu wa kawaida atauliza: kampuni iliyojua watu wangapi wanakitaka kiatu, yenye viwanda na mitambo, ilishindwa nini kutengeneza vya kutosha? Haikushindwa. Uhaba huu haufanani na uhaba wa sukari tulioujua sisi, uliotokana na kukosekana kwa fedha za kigeni na kuharibika kwa viwanda. Huu umetengenezwa, kama kiatu chenyewe kilivyotengenezwa, na ni sehemu ya bidhaa.

Siku hizi misongamano ya milangoni imepungua, kwa sababu mauzo mengi yamehamia katika simu. Siku ya kutolewa kiatu yatangazwa kabla, nao vijana waijua kalenda ya matoleo kama wazee wetu wanavyoijua kalenda ya miezi. Na saa ifikapo hukaa na simu mkononi kama watu wanaotazamia mwezi mwandamo. Hushinda wachache. Wengine hushindwa na programu za kompyuta ambazo walanguzi wamezituma zinunue kwa kasi isiyowezekana kwa kidole cha binadamu. Neno hilo, ulanguzi, Mtanzania wa umri wangu hahitaji kufasiriwa; mwaka 1983 watu walikamatwa na kuwekwa ndani kwa ajili yake, na wengine walitupa mali zao usiku ili zisionekane nyumbani mwao. Jambo hilo hilo lililokuwa kosa kwetu limekuwa huko soko halali, lenye bei zake zinazopanda na kushuka kila siku. Machi 2021 afisa mmoja wa ngazi ya juu wa Nike alijiuzulu baada ya kuandikwa magazetini ya kuwa mwanawe anaendesha biashara ya kununua raba na kuziuza tena.

Hapa mtetezi wa biashara atanijibu ya kuwa mwenye jina hana uwezo juu ya hayo. Yeye ni mchezaji, bei na idadi hupangwa na kampuni. Jibu hili lingelikuwa zuri kama wasingelikuwapo waliofanya vingine. Hakeem Olajuwon, aliyezaliwa Lagos akawa bingwa wa Houston, aliweka jina lake katikati ya miaka ya 1990 juu ya viatu vya Spalding vilivyouzwa kwa bei ya chini sana kuliko vya wenzake. Shaquille O'Neal, ambaye Reebok ilimpa kiatu chake mwaka 1992, amesimulia mara nyingi ya kuwa mama mmoja alimkemea nje ya uwanja kwa sababu ya bei ya viatu vile; yeye akamtolea fedha ampe, na yule mama akazikataa, akaupiga mkono wake. Baadaye O'Neal alianza kuuza viatu vyake kwa bei rahisi katika maduka ya Walmart. Yule mama hakutaka kupewa viatu. Alitaka bei ambayo jirani yake naye angeiweza, na nampa heshima kuliko wanafalsafa kadhaa niliowasoma kwa ajili ya mtihani.

Aliyekwenda mbali kuliko wote ni Stephon Marbury. Alizaliwa Coney Island, New York, katika nyumba ya watoto saba, na alipokuwa mchezaji wa New York Knicks mwaka 2006 alitoa kiatu kilichoitwa Starbury One kwa bei ya dola 14 na senti 98. Si kiatu cha kutembelea tu. Yeye mwenyewe alikivaa katika michezo ya ligi, mbele ya macho ya watu wote, ili isisemwe ya kuwa awauzia maskini kitu asichokiamini. Kwa muda kilinunuliwa kwa wingi. Kisha duka lililokiuza, Steve & Barry's, likafilisika mwaka 2008, na kiatu kikafifia pamoja nalo. Marbury alikwenda China mwaka 2010, akachukua ubingwa mara tatu na timu ya Beijing, akajengewa sanamu. Habari njema kwake, lakini swali langu labaki Coney Island: je, kufifia kule kulitokana na duka peke yake?

Naogopa kujibu hapana, kwa kuwa jibu hilo lahukumu watu ninaowapenda. Walikuwapo vijana waliovicheka viatu vya dola 15, na waliochekwa kwa kuvivaa. Kicheko hicho hakikutoka kiwandani. Hapa ndipo nilipoelewa kile ambacho mpwa wangu alikipoteza siku ile rafiki yake alipogeuza raba zake. Hakupoteza kiatu, wala hakupoteza Jordan. Alipoteza ile hali ya kuwa amepata ambapo wengine wamekosa. Raba ya bandia yaweza kupatikana na yeyote. Ndiyo sababu haina thamani hata ikiwa na ngozi nzuri. Na Starbury One, iliyokuwa ya halali kabisa, ilipatwa na hukumu hiyo hiyo kwa kosa hilo hilo: yeyote aliweza kuipata. Basi kitu kinachouzwa chini ya jina ni kukosa kwa jirani. Mwenye kiwanda anakitengeneza, mwenye jina anakitia muhuri, na mnunuzi, ambaye hupenda kuonewa huruma katika habari hizi, anakiagiza.

Nikisema hivyo sitaki kuwasahau wale ambao majina yao hayamo kabisa. Raba huwa na jina la mchezaji, na jina la kampuni, na mashabiki hulijua hata jina la fundi aliyeichora, kama Tinker Hatfield aliyechora Air Jordan ya 3 ya mwaka 1988. Mwanamke wa Indonesia au Vietnam aliyeibandika soli hana jina. Katika miaka ya 1990 habari za ujira na mateso ya viwanda hivyo zilisikika kila mahali, hata Mei 1998 Phil Knight, mwanzilishi wa Nike, akakiri hadharani ya kuwa bidhaa zake zimekuwa kisawe cha ujira wa kitumwa, akaahidi ya kuwa hataajiriwa katika viwanda vya viatu mtu aliye chini ya miaka 18. Hapo kwa mara moja jina lilirudi katika kazi yake ya zamani. Watu walijua mlango wa kubisha hodi, wakabisha, na mwenye nyumba akafungua. Jina kubwa lina faida hiyo, haliwezi kujificha.

Mfano mdogo zaidi, na wa kupendeza, ni wa Novemba 2018. Msichana wa miaka 9 wa California alimwandikia Stephen Curry kumwuliza kwa nini viatu vyake vyauzwa kwa wavulana tu, hali yeye Curry ana mabinti wawili. Curry alimjibu kwa mkono wake na jambo likarekebishwa. Mtoto yule hakuiandikia kampuni ya Under Armour. Alimwandikia mwenye jina, kwa kuwa akili yake ilimwambia ya kuwa aliyeandikwa juu ya kiatu ndiye mwenye kujibu, na sioni ya kuwa sheria za mikataba zina hoja ya kumshinda. (Wanawake wenyewe wameandikwa juu ya raba mara chache, Sheryl Swoopes alikuwa wa kwanza mwaka 1995, na A'ja Wilson, pamoja na ubingwa wake wote, alingoja mpaka Mei 2025.)

Lakini akifa mwenye kujibu? Kobe Bryant alifariki katika ajali ya helikopta Januari 2020 pamoja na binti yake wa miaka 13. Viatu vyake vikawa adimu maradufu, na walanguzi wakavipandisha bei wakati mkewe angali katika maombolezo. Mkataba ulipokwisha Aprili 2021 Vanessa Bryant hakuuendeleza. Mashabiki walikuwa wakilalamika ya kuwa viatu havipatikani, naye alisema ya kuwa nia ya mumewe na yake ilikuwa wanaompenda waweze kuvipata. Juni mwaka huo kilionekana mikononi mwa watu kiatu ambacho yeye alikichagulia rangi kwa ajili ya marehemu binti yake, naye akatangaza ya kuwa hakuidhinisha kiuzwe. Machi 2022 walipatana upya, kwa sharti ya kuwa faida ya kiatu cha binti iende katika mfuko wa kuwasaidia watoto wanamichezo. Mimi naona ya kuwa mjane huyu aliliuliza swali la insha hii kuliko mtu mwingine yeyote, maana alilikuta jina limebaki bila mwili, akasimama mahali pa mwili. Taylor hakuwa na wa kumsimamia. Jina lake lilikwenda peke yake, kama mbuzi aliyekatika kamba.

Na siku hizi jina huuzwa hata kabla ya tendo. LeBron James alipewa na Nike mkataba wa karibu dola milioni 90 mwaka 2003, akiwa na miaka 18, kabla hajacheza mchezo mmoja wa ligi. Alilipa deni hilo vizuri, na kiatu chake cha 23 kilitoka mwaka 2025, lakini fikiri mzigo wa kijana anayetakiwa kuwa yule ambaye kiatu chake kimekwisha kuwa. Kwa upande mwingine, Novemba 2025 Curry na Under Armour walitangaza kuachana baada ya zaidi ya miaka kumi. Jozi zilizokwisha uzwa zaendelea kutembea duniani zikiwa na jina la mtu asiyekuwamo tena katika nyumba iliyozizaa. Zikibanduka, yule msichana amwandikie nani?

Nilimsomea mpwa wangu sehemu za insha hii. Alikubali habari ya Marbury, akaikataa habari ya kukosa kwa jirani. Alisema ya kuwa mimi nami nisingelifurahia shahada yangu kama kila mtu mtaani angekuwa nayo. Nilimwambia ya kuwa ningeliifurahia. Alinitazama tu, wala mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Raba zake za bandia amempa mdogo wake, ambaye ana miaka 11, hajui lolote la habari hizi, na huzivaa kila siku zikiwa zimejazwa vitambaa mbele kwa kuwa ni kubwa. Agosti 2025 ilitangazwa ya kuwa Caitlin Clark wa Indiana atakuwa na kiatu chake mwaka 2026, na kaka yake mkubwa amekwisha niomba nimkopeshe fedha. Nimemwambia nitafikiri.